Roboti Haijafa: Kutafuta Kosa Baada ya Kompyuta Kuwekewa Mfumo Mpya

Msomi mwenzangu unayejiandaa kwenda mazoezi ya kufundisha, kuna siku utapangiwa shule yenye kompyuta tatu nne na boksi moja la vifaa vya roboti. Utaonyeshwa boksi hilo likiwa juu ya kabati, limejaa vumbi, na utaambiwa: "Hivi vilikuwa vinafanya kazi. Tangu kompyuta ziwekewe mfumo mpya, basi, vimekufa." Makala hii ni kwa ajili ya siku hiyo.

Siku hiyo inakuja haraka kuliko tunavyodhani. Tarehe 14 Oktoba 2025 Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma yake ya kawaida, na shule nyingi zenye kompyuta za msaada zimelazimika kuchagua: kubaki na mfumo wa zamani, kuhamia Windows 11, au kuweka Linux. Kila chaguo lina bei yake. Mtu wa kwanza kuulizwa ni yule kijana aliyetoka chuoni, hata kama amesomea Historia na Kiswahili.

Mimi nasomea Elimu, sijasomea uhandisi. Nilizaliwa Nyarugusu, kambi iliyoko wilayani Kasulu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliovuka Ziwa Tanganyika kukimbia vita, na ambayo tangu 2015 imepokea pia Warundi wengi. Likizo zangu mbili zilizopita nilizitumia kusaidia kilabu cha vijana wa sekondari kinachojifunza kuunda roboti ndogo za magurudumu. Ninayoyaandika hapa tuliyafanyia kazi kwa mikono yetu, kwa umeme wa sola na bando la kugawana.

Mnyororo kabla ya kosa

Roboti ya kilabu ni kitu rahisi. Kuna mota mbili, betri, sensa ya kupima umbali, na bodi ndogo ambayo ndiyo ubongo. Bodi zinazopatikana kwa bei nafuu huku kwetu ni za jamii ya Arduino, mradi ulioanzia mji wa Ivrea nchini Italia mwaka 2005. Kwa kuwa michoro yake iliachwa wazi, viwanda vingi vinatengeneza bodi zinazofanana nayo, na hizo ndizo tunazozikuta madukani.

Mwanafunzi anaandika maagizo kwenye kompyuta, halafu anayapakia kwenye bodi kupitia kebo ya USB. Hapo katikati maagizo yanapita kwenye mikono mitano:

Kwanza, programu ya kuandikia maagizo. Pili, mfumo endeshi wa kompyuta. Tatu, draiva, yaani kijiprogramu kinachoufundisha mfumo endeshi kuongea na chipu fulani. Nne, kebo na tundu la USB. Tano, bodi yenyewe, ambayo ndani yake kuna butiloda, kijiprogramu kidogo kinachokaa mlangoni kupokea maagizo mapya.

Unapobadilisha mfumo endeshi umegusa mkono wa pili, na mara nyingi wa tatu na wa kwanza pia. Mkono wa tano hujaugusa kabisa. Roboti ilikuwa mezani imezimwa wakati fundi anafanya kazi yake. Kwa hiyo mtu akisema "bodi zimekufa," muulize taratibu: zimeuawa na nani, wakati hazikuwa hata zimechomekwa?

Mfumo mpya unabadilisha nini

Mambo manne ndiyo hutokea mara nyingi.

La kwanza ni biti. Windows 11 ipo ya biti 64 tu. Programu nyingi za biti 32 bado zinafunguka ndani yake, lakini draiva ya biti 32 haikubaliki. Kwa upande wa Apple mambo ni makali zaidi: macOS Catalina, iliyotoka Oktoba 2019, iliacha kabisa kuendesha programu za biti 32. Shule duniani zilizokuwa na roboti za LEGO Mindstorms EV3 ziliamka na kukuta programu ya zamani ya kuandikia maagizo haifunguki kwenye Mac zilizoboreshwa. LEGO walileta programu mpya, EV3 Classroom, lakini kazi zilizohifadhiwa kwa programu ya zamani hazikuweza kufunguliwa humo. Roboti zilikuwa nzima, ila masomo ya miaka ilibidi yaandikwe upya.

La pili ni draiva. Bodi nyingi za bei nafuu hutumia chipu ya CH340 kuongea na USB. Windows ikiwa na intaneti huweza kujitafutia draiva hiyo yenyewe. Ikisakinishwa mahali pasipo na intaneti, haina pa kuitafuta.

La tatu ni jina la tundu. Jana bodi iliitwa COM3, leo inaitwa COM7. Programu inaendelea kubisha hodi kwenye COM3, na hakuna anayeitikia.

La nne ni ruhusa. Kwenye Linux, mtumiaji mpya hana haki ya kugusa matundu haya mpaka aingizwe kwenye kundi linaloitwa dialout, kisha atoke na kuingia tena. Ukisahau huko kutoka na kuingia, utaapa kwamba dawa haikufanya kazi.

Kilichotokea kwenye kilabu

Kilabu kina kompyuta mpakato nne. Siku moja fundi wa kujitolea alifika na kuziboresha tatu. Mbili alizifuta zote na kusakinisha mfumo upya. Ya tatu aliiboresha juu ya mfumo wa zamani bila kufuta. Ya nne, kongwe, ilishindwa masharti ya mfumo mpya, akaiacha kama ilivyo. Kwenye zile tatu aliweka pia toleo jipya la programu ya kuandikia maagizo, akaaga, akaondoka.

Kesho yake hakuna roboti iliyokubali maagizo kutoka kwenye kompyuta mpya. Binti mmoja wa kilabu aliniita: "Yaya, ordinatere haione roboti." Vijana wetu wa Kikongo wanasoma kwa mtaala wa kwao, kwa Kifaransa, kwa hiyo draiva wao wanaiita pilote na kompyuta ni ordinatere. Mimi nasema draiva, jirani wa Kirundi ana neno lake. Tulianza kwa kukubaliana majina ubaoni, safu tatu. Usiichukulie kazi hii kama kupoteza muda. Watu wasiokubaliana majina watatafuta kosa moja katika sehemu tatu.

Zilikuwa zimebaki siku tisa kabla ya maonyesho ambayo wazazi walialikwa. Tayari kulikuwa na pendekezo kwamba boksi lirudishwe stoo na vijana wafanye maigizo badala ya roboti. Kama hujaishi kambini, pendekezo hilo linaweza kuonekana dogo. Kwetu, kitu kikishaandikwa "kibovu" kwenye daftari la stoo, kukirudisha ni safari ndefu ya barua na vibali, na kuagiza kipya ni safari ndefu zaidi. Mtoto wa kidato hawezi kuisubiri. Atakuwa amemaliza shule.

Tukagawana kazi. Kundi la kwanza lilichukua bodi moja na kebo moja, likaijaribu kwenye kompyuta kongwe. Ikakubali, taa ikawaka. Jaribio hilo moja la dakika tano lilitusafishia bodi, kebo na mota kwa mpigo. Wakajaribu bodi zote sita kwa kebo hiyohiyo: zote nzima. Wakabadilisha kebo, na kebo mbili zikagundulika kuwa za kuchajia tu, hazina nyaya za kupitisha data. Hizo tulizifunga uzi mwekundu.

Kundi la pili lilikaa na kompyuta mbili zilizofutwa. Walifungua orodha ya vifaa, wakachomeka bodi, wakachomoa, wakachomeka tena, huku wakiangalia kinachoongezeka na kinachopungua. Kilikuwa kinatokea kifaa kisicho na jina, chenye alama ya pembetatu ya njano. Maana yake mfumo unaona kuna mgeni mlangoni, ila haujui lugha yake. Draiva haipo. Kwenye kompyuta kongwe, ndani ya folda ya vitu vilivyopakuliwa zamani, tulilikuta faili la kusakinishia draiva ya CH340. Halifiki hata MB 1. Likahamishwa kwa flashi, likasakinishwa, na pembetatu ikaondoka. COM5 ikatokea.

Shangwe ilikuwa fupi. Walipobonyeza kupakia, programu ilihangaika, kisha ikatoa maandishi mekundu yenye maneno "not in sync", yaani pande mbili hazipatani mwendo. Na hapo kundi la tatu, lililokuwa na ile kompyuta iliyoboreshwa bila kufutwa, likasema: hayo ndiyo maandishi tuliyonayo sisi tangu asubuhi!

Kumbe kulikuwa na makosa mawili, moja limejificha nyuma ya jingine. Kompyuta mbili zilizofutwa zilikuwa na yote mawili. Ile ya tatu ilibakiza draiva yake ya zamani, kwa hiyo ilikuwa na moja tu.

Kosa la pili linafahamika sana kwa watumiaji wa bodi za Arduino Nano. Tangu mwaka 2018, Nano mpya zilitoka na butiloda mpya inayopokea maagizo kwa mwendo wa 115200, wakati ya zamani inapokea kwa 57600. Toleo jipya la programu linachukulia kwamba bodi yako ni mpya. Bodi nyingi za kuiga bado zina butiloda ya zamani. Kompyuta inaongea haraka, bodi inasikiliza polepole, hawaelewani. Dawa yake haina gharama: kwenye menyu ya kuchagua prosesa utakuta ATmega328P zaidi ya moja, na mojawapo imeandikwa Old Bootloader. Ichague hiyo, pakia tena.

Binti yule aliyeniita ndiye aliyebonyeza. Taa ikaanza kuwaka sekunde moja na kuzima sekunde moja. Hakuna aliyepiga kelele mara moja. Waliitazama kwanza, kama vile inaweza kubadili mawazo.

Utaratibu wa kufuata

Ukitoa hadithi ya kwetu, unabaki na ngazi hii. Inakili kwenye daftari lako la TP, na usiruke ngazi hata moja.

1. Andika kabla hujagusa. Kompyuta ipi, mfumo upi, toleo lipi la programu, ujumbe gani wa kosa, neno kwa neno. "Inakataa" haitoshi.

2. Jaribu kebo nyingine unayoijua ni nzima. Taa ya bodi kuwaka inathibitisha umeme tu, haithibitishi data.

3. Jaribu bodi kwenye kompyuta ambayo haikubadilishwa, kama ipo. Ikikubali huko, kosa liko upande wa kompyuta mpya.

4. Fungua orodha ya vifaa, chomeka na kuchomoa. Pasipotokea kitu chochote, rudi kwenye kebo na tundu. Kikitokea kisicho na jina, tafuta draiva. Kikitokea chenye jina na namba ya COM, panda ngazi inayofuata.

5. Ndani ya programu, chagua aina ya bodi, prosesa na tundu upya. Usiamini kwamba programu inakumbuka.

6. Pakia mfano wa Blink, ule wa kuwasha na kuzima taa, bila mota wala sensa. Ukishindwa, kosa bado liko kwenye mnyororo wa kupakia. Ukifaulu, hamia kwenye nyaya na maktaba za maagizo.

7. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, kisha jaribu. Ukibadilisha vitatu na roboti ikakubali, hujui kilichokuponya, na kesho utakuwa mgonjwa tena.

Kuna jaribio moja la nyongeza kwa anayeshuku chipu ya USB ya bodi aina ya Uno au Nano. Unganisha pini ya RESET na GND ili prosesa kuu inyamaze, halafu unganisha pini ya TX na RX kwa kipande cha waya. Fungua dirisha la mawasiliano kwenye programu, andika neno lolote, litume. Likirudi kama ulivyoliandika, njia yote kuanzia kompyuta hadi chipu ya USB ni salama.

Kisa cha Ubuntu na watu wasioona

Kwa wanaohamia Linux, kuna kisa kimoja kinachofaa kufundishwa darasani, maana kinagusa zaidi ya roboti. Ubuntu 22.04 ilipotoka Aprili 2022, watu wengi walikuta bodi zao zenye CH340 zinaonekana kwa sekunde moja, kisha zinapotea. Kilichokuwa kinazinyakua ni programu iitwayo brltty, inayowezesha watu wasioona kusoma skrini kwa vifaa vya breli vinavyochomekwa. Kifaa kimojawapo cha breli kinajitambulisha kwa namba ya USB ileile ya CH340: 1a86:7523. Kompyuta ilidhani roboti ni mashine ya breli.

Ushauri unaozagaa ni wa mstari mmoja: ondoa brltty. Kwa kompyuta ya mtu binafsi, sawa. Ila sisi ni walimu, na kompyuta ya shule ni ya wote. Kabla ya kuiondoa, uliza kama kuna mwanafunzi au mwalimu asiyeona anayeitumia. Kama yupo, kilichopo ni kuzima ile kanuni moja inayohusu namba hiyo ya USB na kuiacha programu iendelee kumhudumia. Inachukua dakika kumi zaidi.

Kwa nini haya yanatuhusu watu wa Elimu

Toleo la 2023 la Sera ya Elimu na Mafunzo limeipa nafasi kubwa elimu ya amali, na maneno kama stadi na umahiri tunayaandika kwenye kila andalio la somo. Ni vizuri. Lakini ukiangalia vipindi vyetu vya kompyuta, mara nyingi mwanafunzi anafundishwa kutumia kitu kinapofanya kazi tu. Kikigoma, mwalimu anamwambia asogee pembeni, anaitwa fundi, na somo linaishia hapo. Mimi naona somo ndiyo kwanza linaanza.

Kutafuta kosa ni mbinu ya kisayansi iliyovaa nguo za kazi. Unaweka dhana, unabuni jaribio, unabakiza kitu cha kulinganishia, unaandika matokeo. Ile kompyuta kongwe ya kilabu, ambayo wengi waliicheka, ndiyo ilikuwa mizani yetu. Laiti fundi angefanikiwa kuziboresha zote nne, tungebaki bila cha kulinganisha nacho.

Kuna jambo jingine kwa vijana wa Nyarugusu, na wa Nduta kule Kibondo. Hawajui watakuwa wapi mwaka kesho: wapo watakaorudi makwao, wapo watakaohamishiwa nchi ya tatu, wapo watakaoendelea kuwepo. Boksi la roboti haliwezi kubebwa na kila mtoto. Uwezo wa kusema "ngoja kwanza, tuone mnyororo umekatikia wapi" unabebeka, na hauhitaji kibali getini.

Kabla ya mfumo kubadilishwa

Ukiwahi kufika kabla ya fundi, omba mambo manne. Moja, nakili folda ya kazi za Arduino pamoja na ile ya maktaba iliyo ndani yake, na folda iitwayo Arduino15 inayobeba taarifa za bodi. Zote ziingie kwenye flashi. Mbili, hifadhi mafaili ya kusakinishia programu na draiva, maana bando la shule haliaminiki. Tatu, hakikisha prosesa ni ya biti 64 na kumbukumbu haipungui GB 4, la sivyo Windows 11 haitakubali. Nne, boresha kompyuta moja tu, ijaribu wiki nzima na roboti, ndipo uguse nyingine.

Hili la nne ndilo gumu kumshawishi mtu, kwa sababu fundi anataka kumaliza kazi leo. Mwambie kwa heshima kwamba wanafunzi ndio watakaobaki na kompyuta yeye akishaondoka.

Zoezi

Jipangeni watu watatu watatu. Mmoja aharibu mnyororo kwa siri sehemu moja: aweke kebo ya kuchajia, achague tundu lisilo sahihi, au achague prosesa isiyo yake. Wengine wawili walitafute kosa kwa kufuata ngazi saba, wakiandika kila jaribio na jibu lake. Muda ni dakika ishirini. Mkimaliza badilishaneni zamu, na safari hii aharibu sehemu mbili kwa pamoja. Mkiweza raundi hiyo ya pili bila kubahatisha, mko tayari kupokea lile boksi lenye vumbi.